Maswali ya Wasomaji: Chini ya mawe ya Mwanza kuna joto la namna gani?

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kwamba mawe ya graniti tunayoyaona Capri Point, Bugando na kila kona ya Mwanza ni sehemu ya ganda la dunia, na kwamba chini ya ganda hilo kuna tabaka nene linaloitwa koti la dunia, lenye joto la maelfu ya nyuzi. Aya ile imeniletea barua na ujumbe wa simu kuliko jambo lolote nililoandika hapa mwaka huu. Nimechagua maswali yaliyojirudia. Majina nimeyaacha, mahali nimepataja.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili, nasoma hapa Kirumba. Kitabu chetu kina picha ya dunia iliyokatwa, na koti la dunia limepakwa rangi nyekundu na ya machungwa kama moto. Kama chini yetu kuna uji wa moto, mbona mawe haya mazito hayazami? Na mbona ziwa halichemki?

Marahaba, mwanangu. Picha hiyo naijua vizuri. Nimefundisha Jiografia miaka mingi nikiwa nayo ukutani, na kila mwaka ilinipa kazi ya kuwaondolea watoto wazo ambalo yenyewe imewapa.

Koti la dunia ni mwamba. Linaanza pale ganda linapoishia, karibu kilomita 40 chini ya dawati lako hapo Kirumba, na linashuka mpaka kilomita 2,890. Kutoka hapo hadi katikati kabisa, kilomita 6,371 kutoka juu, ni kiini, ambacho sehemu yake kubwa ni chuma. Ukichukua ujazo wote wa dunia, zaidi ya asilimia 80 ni koti hili. Uji wa mwamba, yaani magma, upo mahali pachache na kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na ukubwa wote huo.

Joto lipo, tena jingi. Pale mwamba baridi wa juu unapoishia ni kama nyuzi 1,300 za Selsiasi. Ukifika kilomita 660 ni karibu nyuzi 1,600. Mpakani na kiini ni kati ya 3,500 na 4,000. Mwamba uleule ukiuleta hapa juu na kuupa nyuzi 1,600 ungeanza kuyeyuka mbele ya macho yako. Kule chini hauyeyuki kwa sababu ya mgandamizo. Mwamba ukitaka kuyeyuka, chembe zake lazima zipate nafasi ya kuachana, na uzito wa kilomita mia na mia za mawe juu yake hauzipi nafasi hiyo. Kadiri unavyobanwa, ndivyo joto la kuuyeyusha linavyopanda. Mpakani na kiini mgandamizo unazidi ule wa hewa tunayovuta mara milioni 1.3.

Sasa kuna jambo linalowakwaza wengi: mwamba huo ni mgumu, na bado unatembea. Nenda siku moja kwa mhunzi anayefua majembe, usimame karibu, utazame chuma kinapotolewa kwenye makaa. Kimeiva mpaka kimekuwa cha rangi ya machungwa, lakini hakidondoki. Kimekaa juu ya fuawe na umbo lake lilelile. Nyundo ikishuka kinakubali: kinapinda, kinatanuka, kinanyooka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na mhunzi anakifua kikiwa mamia ya nyuzi chini ya hapo. Koti la dunia liko katika hali ya namna hiyo, ila linasukumwa polepole na uzito wake lenyewe, kwa mamilioni ya miaka. Mwamba wa chini ukipata joto hutanuka kidogo, ukawa mwepesi kuliko jirani zake, ukapanda. Ukikaribia juu unapoa, unakuwa mzito, unashuka tena. Mwendo wenyewe ni sentimita chache kwa mwaka, na ndio unaokwenda pamoja na mabamba yaliyobeba mabara.

Kwa hiyo mawe ya Mwanza hayazami kwa sababu yamekaa juu ya mwamba mwenzao, tena mwamba mzito kuliko yenyewe. Na sisi hapa tuna bahati ya kipekee. Graniti zetu zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na chini yake koti la juu limepoa na kuwa gumu kwa kina cha zaidi ya kilomita 100. Wanajiolojia huita eneo hili kratoni ya Tanzania. Ni kisiki cha bara la kale.

Kuhusu ziwa: mwamba ni kipitishi kibaya mno cha joto. Katika mabara, joto linalotoka chini kwenye mita moja ya mraba ni chini ya sehemu moja ya kumi ya wati. Jua la saa sita mchana hutoa kama wati 1,000 kwenye mita hiyohiyo. Ndiyo maana maji ya Ziwa Victoria hufuata jua, upepo na mvua, na wala hayana habari na kilicho chini.

Nina ombi moja kwa walimu wenzangu. Mkiichora dunia ubaoni, koti la juu lipakeni chaki ya kijani. Mezani kwangu nina jiwe nililoletewa na mwenzangu kutoka Lashaine, kilima cha volkano ya kale karibu na Monduli. Nje ni lava nyeusi, na ndani yake kuna bonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, lenye punje za kijani cha chupa zilizoshikamana, na kati yake punje chache nyekundu iliyoiva za gaineti. Zile za kijani ni olivini, madini ya magnesi, chuma, silikoni na oksijeni. Bonge lile ni koti la dunia lenyewe: lilichomolewa na lava iliyokuwa ikipanda kwa kasi, likaletwa juu bila kuyeyuka. Wanafunzi walikuwa wakilishika wananyamaza kwanza, kisha mmoja anauliza, "Mwalimu, mbona ni zito hivi?" Ukilishika na kipande cha graniti cha ukubwa huohuo, tofauti unaipata mkononi bila mizani.

Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi wa kuchimba visima kwa mashine, nafanya kazi Buswelu, Kisesa mpaka Magu. Nimefika mita 120 na maji yanatoka ya baridi. Hilo joto linaanzia wapi?

Fundi, linaanza palepale unapochimba, ila ni kidogo mno kulisikia kwa mkono. Kwa wastani, katika mabara, joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita moja unayoshuka, na kwenye miamba ya kale kama hii yetu huwa pungufu ya hapo. Mita zako 120 zimeongeza nyuzi mbili au tatu tu. Unayaona maji baridi kwa sababu umesimama juani.

Waliokwenda chini zaidi wameliona. Katika mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, ambao unakaribia kilomita 4 kwenda chini, ukuta wa mwamba una joto la zaidi ya nyuzi 60, na inabidi wateremshe barafu ili wachimbaji waweze kufanya kazi. Huko Kola, kaskazini mwa Urusi, Wasovieti walianza kutoboa mwaka 1970, na kufikia 1989 walikuwa na shimo la mita 12,262. Shimo lenyewe halina upana wa ndoo. Walitarajia nyuzi 100, wakakuta 180, na kwa joto hilo mwamba ulikuwa unajifunga kila wakiinua chombo. Hawakufika kwenye koti. Hata nusu ya ganda hawakuivuka.

Na usifanye hesabu ya kuzidisha tu, kama wengi wanavyofanya. Ukizidisha nyuzi 25 kwa kilomita 2,890 utapata zaidi ya nyuzi 72,000, na dunia nzima ingekuwa mvuke. Ndani ya ganda joto hupita kwa kupenya mwamba uliosimama, ndiyo maana hupanda haraka. Ndani ya koti joto hubebwa na mwamba wenyewe unaotembea, kwa hiyo hupanda polepole sana, chini ya nyuzi moja kwa kilomita, kwa zaidi ya kilomita elfu mbili. Halafu mpakani na kiini, katika kilomita mia kadhaa za mwisho, linaruka tena kwa nyuzi elfu moja au zaidi.

Kama hakuna binadamu aliyefika huko, mnajuaje? Mnatuambia tuamini tu? (Nansio, Ukerewe)

Hapana, usiamini tu. Swali lako ni la haki na lina majibu ambayo mtu anaweza kuyafuata hatua kwa hatua.

Tetemeko kubwa la ardhi hutuma mawimbi ndani ya dunia yote, na vipimo vilivyo upande wa pili huyapokea. Yapo mawimbi ya kusukuma, yanayopita kwenye kitu chochote, na yapo ya kutikisa kwa pembeni, yanayopita kwenye kitu kigumu peke yake. Kwenye maji au kitu chochote kilichoyeyuka hayapiti. Mawimbi haya ya pembeni yanavuka koti lote, kutoka juu hadi kilomita 2,890, yakifika kwenye kiini cha nje yanakoma. Mtu akikuambia koti ni la majimaji, muulize mawimbi hayo yamepitaje.

Mwaka 1906 Mwingereza Richard Dixon Oldham alionyesha kutokana na mawimbi hayo kwamba dunia ina kiini. Oktoba 1909 ardhi ilitetemeka karibu na Zagreb, na Andrija Mohorovičić, aliyekuwa akiangalia vipimo huko, aliona mawimbi yaliyopita njia ndefu zaidi yakitangulia kufika. Akaelewa kwamba chini kuna mwamba mwingine unaoyakimbiza: kwenye ganda mawimbi ya kusukuma huenda kama kilomita 6 kwa sekunde, kwenye koti hurukia kilomita 8. Mpaka huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Beno Gutenberg ndiye aliyepima kina cha kiini, na mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark akagundua kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine kigumu. Mama huyu aliishi mpaka umri wa miaka 104. Ningependa wasichana wanaosoma safu hii wamkumbuke.

Joto nalo hupimwa kwa njia ya kuzunguka. Kwenye kina cha kilomita 410 na cha 660 mawimbi hubadilika kasi ghafla, kwa sababu olivini inabanwa mpaka inajipanga upya kuwa madini mengine. Maabara wanachukua punje ya olivini, wanaibana kati ya ncha mbili za almasi, wanaipasha kwa leza, na kuandika ni kwa mgandamizo gani na joto gani inageuka. Mgandamizo wa kina cha kilomita 410 unajulikana, kwa hiyo joto la pale linapatikana: kati ya nyuzi 1,400 na 1,500. Kisha wanalinganisha na mawe kama lile la Lashaine, ambayo madini yake hubaki na alama ya joto na kina yalikotoka. Njia hizi hazitegemeani, na majibu yake yanakaribiana.

Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni dalali wa almasi Maganzo. Wazee wanasema almasi inatoka chini ya ganda la dunia. Kama kule kuna moto, mbona haiungui?

Ndugu yangu, wazee wamesema kweli, na wewe una kazi inayokushikisha kitu ambacho wanasayansi wengi wanakililia.

Almasi ni kaboni tupu, ndugu wa makaa. Ili kaboni ijipange kuwa almasi inahitaji kubanwa mara 50,000 kuliko hewa hii, na kwa kawaida hilo hutokea kwenye kina cha kilomita 150 hadi 200, kwenye joto la kati ya nyuzi 900 na 1,300. Mahali penye mgandamizo mkubwa namna hiyo lakini joto lisilopita kiasi hapapatikani popote tu. Panapatikana chini ya visiki vya mabara ya kale, kama hiki chetu kinachoanzia ziwani na kupita Shinyanga mpaka katikati ya nchi. Mgodi wa Mwadui hauko hapo kwa bahati nasibu.

Kuhusu kuungua: ili kitu kiungue kinahitaji oksijeni iliyo huru, na kule chini haipo. Hatari ya almasi iko njiani. Ikipandishwa taratibu, mgandamizo ukipungua huku joto lingali kubwa, itageuka grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Kinachoiokoa ni kasi. Magma ya kimberlaiti, iliyojaa maji na hewa ukaa, hupasua njia kutoka kina hicho na kufika juu kwa muda wa saa kadhaa au siku chache. Inakuja inabomoa, inachomoa vipande vya koti, inavibeba na almasi zake, halafu inapoa pamoja navyo. Bomba la Mwadui, yaani njia ya magma hiyo iliyopoa ikawa mwamba, lililipuka takribani miaka milioni 50 iliyopita. Almasi zenyewe kwa kawaida ni za kale kuliko mlipuko uliozileta. Nyingi duniani zimepimwa umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, na baadhi zaidi ya bilioni tatu.

Bomba lile mdomo wake una eneo la karibu hekta 146, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1940 aliligundua John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, na mwaka 1947 ikapatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na alizawadiwa binti mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza.

Nataka kukuambia kitu kuhusu almasi zenye doa. Wewe ukiona kitone chekundu au cha kijani ndani ya jiwe, unashusha bei, na soko linakulazimu. Mara nyingi kitone hicho ni gaineti au olivini iliyonaswa siku almasi inaota, na imekaa humo bila kuguswa na hewa wala maji tangu wakati huo. Hakuna njia nyingine ya kupata chembe ya koti iliyo safi kiasi hicho. Kwa chembe kama hizo watafiti wanasoma joto, kina na umri wa mahali almasi ilipozaliwa. Mwaka 2014 walitangaza kwamba ndani ya almasi moja duni ya Brazili, ambayo sonara asingeitazama mara mbili, kulikuwa na ringwudaiti, madini yanayotokea kwenye kina cha kati ya kilomita 410 na 660. Uzito wake karibu asilimia 1.5 ulikuwa maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. (Hii inajibu pia wasomaji watatu walioniuliza kama ni kweli kuna "bahari" chini ya ardhi. Hakuna maji yanayotembea kule. Ni maji yaliyoshikwa ndani ya jiwe lenyewe.)

Na ukienda likizo upande wa Tabora, ulizia vilima vya Igwisi. Ni vilima vidogo, mtu asiyejua atavipita. Lakini ni volkano za kimberlaiti zilizolipuka kama miaka 12,000 iliyopita, changa kuliko kimberlaiti nyingine yoyote inayojulikana duniani. Kwingineko midomo ya volkano za aina hii imeshasombwa na mvua za mamilioni ya miaka, hapa kwetu ingalipo juu ya ardhi. Inaniuma kwamba watoto wa Tabora wanamaliza shule bila kuambiwa.

Dada yangu Mwalimu, mimi nauza dagaa Mwaloni. Lile tetemeko la Bukoba nililisikia hadi hapa. Je, ule moto wa chini unatafuta njia? Volkano inaweza kutokea ziwani?

Dada yangu, pole kwa hofu. Nami nilikuwa Mwanza Jumamosi ile, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi. Glasi kabatini zilianza kugongana zenyewe, na jirani zangu wote tulijikuta nje tukitazamana. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na Kagera lilisababisha vifo vya zaidi ya watu 15 na kuharibu maelfu ya nyumba.

Halikuwa na uhusiano na volkano. Lilianzia kwenye kina cha kama kilomita 40, na kina hicho chenyewe kinatuambia jambo: mwamba wa pale ni baridi na mgumu kiasi cha kuvunjika. Ungekuwa wa moto sana ungepinda taratibu bila kishindo. Kilichovunjika ni mwamba uliokuwa ukivutwa kwa muda mrefu.

Kinachouvuta ndicho kinachohusu swali lako. Chini ya kusini mwa Afrika, kuanzia mpakani na kiini, kuna eneo kubwa sana la koti lenye joto kuliko jirani zake, nalo linapanda kwa kuegemea upande wetu wa Afrika Mashariki. Linainua nchi. Usawa wa ziwa letu ni mita 1,134 juu ya bahari, na sehemu ya kimo hicho imebebwa na joto hilo la chini. Likifika chini ya kisiki chetu kigumu linashindwa kukipasua, linapita pembeni. Ndiyo maana Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili: mmoja magharibi kupitia Tanganyika na Kivu, mwingine mashariki kupitia Manyara, Natron hadi Kenya. Sisi tumebaki katikati, kwenye kipande ambacho vipimo vya satelaiti vinaonyesha kinazunguka polepole kinyume cha mwendo wa saa.

Volkano hai zinafuata mikono hiyo miwili. Nyiragongo, iliyolipuka Mei 2021, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka kwako. Oldoinyo Lengai iko zaidi ya kilomita 300. Kule kwenye mikono, mwamba umenyooshwa ukawa mwembamba, mwamba wa moto wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, na hapo ndipo unapoyeyuka, bila hata kuongezewa joto. Mwanza haina hali hiyo. Kisiki kilicho chini yetu ni kinene na baridi.

Ziwa lenyewe ni zao la mwinuko huohuo. Mito kama Kagera na Katonga zamani ilielekea magharibi. Kingo za ufa wa magharibi zilipoinuka, maji yalizuiwa yakarudi nyuma na kutanda kwenye bonde tambarare, takribani miaka 400,000 iliyopita. Kwa hiyo Victoria ni pana lakini halina kina, kama mita 80 tu mahali pa chini kabisa, wakati Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, linafika mita 1,470.

Hofu yako uielekeze kwenye nyumba, dada. Waliokufa Kagera wengi waliangukiwa na kuta. Fundi akikujengea, hakikisha anafunga lenta yenye nondo inayozunguka kuta zote, isiishie juu ya milango na madirisha tu. Na ndugu zetu wanaoishi chini ya mawe yaliyosimama juu ya mawe huko milimani, wasichimbe udongo unaoyashikilia.

Mzee mwenzangu wa Ngudu anauliza kwa maneno machache: joto hilo litaisha lini?

Mwaka 1862 mwanafizikia wa Uingereza, Lord Kelvin, alikokotoa dunia imechukua muda gani kupoa kutoka hali ya kuyeyuka, akapata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Mwaka 1895 John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alimwandikia kwamba hesabu hiyo imechukulia ndani ya dunia joto halisafiri vizuri. Kama ndani kuna mwendo unaolibeba joto kuelekea juu, umri unaongezeka mara nyingi. Hakusikilizwa wakati huo. Leo tunajua dunia ina miaka bilioni 4.54, na kwamba Perry aligusa palepale: koti linatembea.

Dunia nzima hupoteza joto la kama wati trilioni 47. Karibu nusu ni akiba ya tangu ilipoumbwa, na inayobaki inatengenezwa kila siku na urani, thoriamu na potasiamu zenye mnururisho, yaani zinazovunjika zenyewe na kutoa joto, zilizotawanyika ndani ya miamba. Kupoa kunakuwepo, ila ni kwa utaratibu mkubwa, makadirio ya kawaida ni nyuzi 50 hadi 100 kwa kila miaka bilioni. Kwenye bonde la mto Komati, Afrika Kusini, kuna lava ya miaka bilioni 3.5 iliyotoka ikiwa na joto la karibu nyuzi 1,600, wakati lava za kawaida za leo hutoka na 1,100 au 1,200. Lengai yetu ni ya pekee, lava yake haizidi 600. Potasiamu yenye mnururisho iliyokuwepo mwanzoni imebaki chini ya asilimia 10. Urani ya aina iliyo nyingi zaidi imebaki karibu nusu. Thoriamu, Mzee, bado ipo kama asilimia 80.